Benjamin Graham: Aliyeuliza kwa nini hisa inauzwa bei ya kutupa

MFANYABIASHARA wa Busia, Namanga au Tunduma akikuta gunia la maharagwe upande wa pili linauzwa nusu ya bei ya juzi, hakimbilii kutoa fedha. Anauliza kwanza. Yamelowa? Yamebunguliwa? Mwenye mzigo ana deni na anataka fedha kabla jua halijatua? Au ni kwamba malori ya wanunuzi hayakufika leo, na kesho bei itarudi palepale? Bei ni moja, lakini sababu zinatofautiana, na kila sababu ina uamuzi wake.

Mwaka 1926 mtu mmoja jijini New York aliuliza maswali ya namna hiyo kuhusu kampuni ndogo ya bomba la mafuta ambayo hisa zake zilikuwa zimelala sokoni bila mtu kuzitazama. Jina lake Benjamin Graham. Leo anakumbukwa zaidi kama mwalimu wa tajiri Warren Buffett, jambo ambalo kwa maoni yangu linampunja, kwa sababu kazi aliyoifanya kwenye kampuni ile, Northern Pipe Line, ilikwisha kabla Buffett hajazaliwa. Na ndiyo kazi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi ya kuchunguza kwa nini hisa ya kampuni ndogo imedorora.

Mtoto wa muuza vyombo

Graham alizaliwa London, Uingereza, Mei 1894, kwa jina la Benjamin Grossbaum. Familia ilikuwa ya Kiyahudi na ilihamia New York yeye akiwa na mwaka mmoja tu. Baba yake aliishi kwa biashara ya kuvusha bidhaa: aliingiza Marekani vyombo na sanamu ndogo za kaure kutoka Ulaya. Biashara ilikwenda vizuri hadi mwaka 1903, baba alipofariki akiwa bado kijana na kuacha mjane na watoto watatu wa kiume, Ben akiwa wa mwisho. Duka halikudumu bila mwenyewe.

Mama yake, Dorothy, aligeuza nyumba kuwa ya kupangisha vyumba. Akajaribu pia soko la hisa, tena kwa fedha ya mkopo wa dalali, akinunua hisa za kampuni ya chuma ya U.S. Steel. Msukosuko wa mwaka 1907 ulizoa alichokuwa nacho. Mtoto aliyekuwa shahidi wa mambo hayo alikuwa na miaka 13. Jina la Grossbaum lilibadilishwa kuwa Graham wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kipindi ambacho jina lenye sauti ya Kijerumani lilikuwa mzigo Marekani.

Darasani alikuwa hatari. Nafasi yake ya ufadhili katika Chuo Kikuu cha Columbia ilimponyoka mwanzoni kwa sababu ofisi ya chuo ilimchanganya na binamu yake mwenye jina la ukoo lilelile, kosa ambalo yeyote aliyewahi kusubiri hati mpakani atalielewa. Alifanya vibarua, akarudi, na mwaka 1914 alihitimu akiwa wa pili katika darasa lake, umri miaka 20. Idara tatu zilimtaka abaki afundishe: Kiingereza, hisabati na falsafa. Nyumbani palihitaji fedha. Alikwenda Wall Street, katika kampuni ya udalali ya Newburger, Henderson & Loeb, akianza kwa kupeleka hundi na hati za watu kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki.

Mwaka uliofuata alionyesha alivyotazama mambo. Kampuni ya Guggenheim Exploration ilikuwa inajiandaa kuvunjwa na kuwagawia wanahisa mali zake, ambazo nyingi zilikuwa hisa za kampuni za shaba zilizouzwa sokoni kila siku. Graham alijumlisha. Hisa moja ya Guggenheim iliuzwa chini kidogo ya dola 69, lakini ndani yake mlikuwa na vitu vya thamani ya zaidi ya dola 76. Hesabu ile haikuhitaji shahada ya Columbia. Ilihitaji mtu wa kuketi na kujumlisha.

Asifikiriwe kuwa alikuwa hakosei. Profesa mmoja aliyewahi kumfundisha alimkabidhi dola 10,000 azizungushe kwa makubaliano ya kugawana faida. Graham akatoa fedha kwenye akaunti ile na kuziweka katika duka la santuri alilofungua na kaka zake. Soko lilipogeuka, dalali akadai nyongeza ya dhamana na fedha haikuwapo. Ilibidi amwendee profesa na kukiri, kisha akamlipa dola 60 kila mwezi kwa miaka miwili. Na mwaka 1919, akiwa tayari anajulikana kama mchambuzi makini, alijitosa yeye na marafiki zake katika Savold Tire, kampuni iliyotangaza njia mpya ya kutengeneza matairi yaliyochakaa. Alinunua kwa sababu bei ilikuwa inapaa. Kabla mwaka haujaisha, bei iliporomoka hadi sifuri na kampuni ikayeyuka kama ukungu.

Nataja mikasa hii miwili kwa sababu ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kutoamini bei, iwe inapanda au inashuka, mpaka aone kilichomo ndani.

Kampuni iliyolala

Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru Standard Oil ya John D. Rockefeller ivunjwe, na kampuni 34 zikazaliwa. Nane kati yake zilikuwa kampuni ndogo za mabomba. Kazi yao ni kama ya bomba la TAZAMA linalotoka Dar es Salaam kwenda Ndola, Zambia: hawachimbi mafuta wala hawayauzi, wanayasukuma mafuta ya wengine na kulipwa ada ya usafirishaji.

Kufikia katikati ya miaka ya 1920 hakuna aliyezitamani hisa hizo. Mafuta yalikuwa yakipita njia nyingine na mapato ya mabomba ya zamani yalikuwa yanapungua. Taarifa ambazo kampuni zilituma kwa wanahisa zilikuwa mstari mmoja wa mapato na mizania iliyofupishwa mpaka haisemi kitu. Madalali walizijua kwa majina tu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuchimba zaidi, kwa kuwa kampuni ndogo yenye hisa chache haimpi dalali kamisheni ya maana.

Siku moja Graham alikuwa akipitia kitabu cha takwimu cha Tume ya Biashara baina ya Majimbo, chombo cha serikali kilichosimamia reli na mabomba. Aligundua kwamba kampuni za mabomba zilipaswa kupeleka kwa Tume taarifa kamili kila mwaka, na kwamba yeyote angeweza kuziomba kuzisoma. Alipanda treni hadi Washington. Katika chumba cha kumbukumbu aliletewa makabrasha, akakaa nayo akinakili tarakimu.

Kilichokuwa humo kilimshtua. Northern Pipe Line ilikuwa na hisa 40,000, na sokoni kila moja iliuzwa dola 65. Kwa bei hiyo kampuni nzima ilikuwa na thamani ya dola milioni 2.6. Lakini taarifa ya Washington ilionyesha kuwa kampuni ilikuwa imeshikilia hatifungani za reli na amana nyingine za kugeuzwa fedha mara moja zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 3.5. Pamoja na fedha nyingine, ilikuwa kama dola 95 kwa kila hisa. Madeni hayakuwa ya kutisha. Anayenunua hisa kwa dola 65 alipata dola 95 na juu yake bomba la mafuta bure, bomba lililokuwa bado linafanya kazi na kulipa gawio la dola 6 kwa hisa.

Hapo ndipo mtu wa kawaida angesema hisa hii ni rahisi, akanunua na kungoja. Graham alinunua kimyakimya mpaka akafikisha hisa 2,000, yaani asilimia 5 ya kampuni. Lakini hakuishia kwenye hesabu. Alijiuliza swali gumu zaidi: kama mali ipo, kwa nini bei iko pale ilipo?

Sababu ya kwanza tumekwisha kuiona, watu hawakujua. Lakini hiyo haikutosha, maana hata ambaye angejua angeuliza fedha ile itamfikia lini. Hatifungani zilizofungiwa katika sanduku la kampuni si fedha ya mwanahisa. Mwanahisa anachopata ni gawio, na gawio lilifuata mapato ya bomba, ambayo yalikuwa yanashuka. Kwa hiyo soko lilikuwa linaipima Northern Pipe Line kwa kipato kinachopungua na kulisahau sanduku, kwa sababu funguo za sanduku zilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuonyesha nia ya kulifungua.

Kwa maneno mengine, bei haikuwa ya kijinga kabisa. Ilikuwa inasema kitu cha kweli kuhusu walioshika funguo. Wachambuzi wengi hata leo hawafiki hapa. Wanaona hesabu, wanalilaumu soko, halafu wanashangaa miaka mitano baadaye hisa ikiwa palepale.

Safari ya Oil City

Graham aliamua kuwaendea wenye funguo. Ofisi za kampuni zilikuwa katika jengo la 26 Broadway, New York, makao ya zamani ya dola yote ya Rockefeller. Walioiongoza walikuwa ndugu wawili wa ukoo wa Bushnell. Aliwaeleza kwa adabu kwamba kampuni yenye biashara ndogo namna ile haihitaji mamilioni ya hatifungani, na kwamba ziada irudishwe kwa wenyewe. Wakamjibu kwa sababu moja baada ya nyingine: bomba litachakaa na kuhitaji kubadilishwa, pengine kampuni itapanua kazi. Alipozijibu zote, wakamwambia kwamba wao wanaijua biashara ya mabomba kuliko yeye, na mwanahisa asiyependa sera yao yuko huru kuuza hisa zake.

Auze kwa nani na kwa bei gani? Bei ya dola 65 ilikuwa matokeo ya sera ileile. Kumwambia mtu auze ni sawa na mwenye ghala kukataa kukutolea mzigo wako, kisha akushauri umuuzie mtu mwingine stakabadhi kwa hasara.

Januari 1927 alisafiri kwa treni ya usiku hadi Pittsburgh, akabadili na kupanda treni mbovu ya mashambani katika theluji hadi Oil City, Pennsylvania, mji mdogo ulipofanyikia mkutano mkuu wa mwaka. Ukumbini alikuta watu wachache, wengine wote wakiwa waajiriwa wa kampuni. Yeye peke yake alikuwa mgeni. Mjumbe mmoja alitoa hoja ya kupitisha taarifa ya mwaka 1926. Graham akaomba kuiona. Akaambiwa haijawa tayari. Akauliza inawezekanaje kupitisha taarifa ambayo haijaandikwa, akajibiwa kuwa ndivyo wanavyofanya siku zote. Ikapita. Akasimama kusoma waraka wake kuhusu fedha za kampuni. Mwenyekiti akamtaka aweke jambo hilo kama hoja, akaliweka, kisha akamuuliza nani anaiunga mkono.

Graham hakuwa amekuja na mtu. Hakuna aliyefungua mdomo. Mkutano ukafungwa, naye akabaki na waraka wake mkononi. Alikuwa na miaka 32 na alikuwa ametendewa kama mtoto mbele ya watu.

Mwaka ule ulikuwa mzito kwake kwa njia nyingine pia. Mwanawe wa kwanza, Isaac Newton, alifariki kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajafikisha miaka tisa. Waliomjua baba huyu waliona akizidi kujificha ndani ya kazi.

Kazi yenyewe aliifanya kikamilifu. Aliongeza hisa, akaajiri wakili, na akaitumia sheria ya Pennsylvania iliyoruhusu kura za kulimbikiza. Maana yake ni hii: kama viti vya bodi ni vitano, kila hisa ina kura tano, na mwenye hisa anaweza kumpa mgombea mmoja zote. Hivyo wachache wakishikamana wanapata kiti hata wakubwa wasipotaka. Akaipata orodha ya wanahisa na kuanza kuwaandikia na kuwatembelea mmoja mmoja, akiwaomba wampe idhini ya kuwapigia kura. Hawa walikuwa watu wenye hisa chache chache, ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza kampuni yao ina nini.

Mwanahisa mkubwa alikuwa taasisi ya hisani ya Rockefeller Foundation, yenye asilimia 23. Graham aliwafuata. Walimsikiliza kwa heshima na kumwambia kwamba taasisi haiingilii uendeshaji wa kampuni ilizowekeza. Hapa palikuwa na sababu nyingine ya bei kulala: mwenye sehemu kubwa kuliko wote alikuwa ameamua kunyamaza.

Januari 1928 alirudi Oil City, safari hii na wakili na fungu kubwa la kura za wenzake. Upande wake ulipata viti viwili kati ya vitano. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nje kuingia kwa nguvu ya kura katika bodi ya kampuni iliyotokana na Standard Oil. Alijiandaa kwa mapambano marefu ndani ya bodi, lakini baada ya wiki chache tu wakurugenzi wenyewe walileta mpango wa kuwarudishia wanahisa fedha. Jumla iliyogawanywa ilifika dola 70 kwa kila hisa, zaidi ya bei yote ambayo hisa iliuzwa alipoianza. Na hisa bado ilibaki mkononi mwa mwenyewe. Ukijumlisha fedha na hisa iliyobaki, kila dola 65 iligeuka zaidi ya dola 110.

Inaonekana taasisi ya Rockefeller, iliyosema haiingilii, ilikuwa imedokeza kwamba nayo isingechukia kupata fedha hizo. Kampuni nyingine za mabomba zilizotokana na Standard Oil nazo zikafuata kugawa ziada zao. Bomba lilikuwa lilelile na wateja walewale. Kilichobadilika ni nani ana usemi juu ya sanduku.

Kipigo cha 1929

Ningependa kusema kwamba mtu aliyeelewa bei kiasi hicho aliona anguko la 1929 likija. Hakuona, au aliona nusu. Mfuko aliouendesha na mshirika wake Jerome Newman ulianza mwaka ule ukiwa na dola milioni 2.5, na sehemu ya biashara zake ilitegemea mikopo. Ulipoteza asilimia 20 mwaka 1929. Mwaka 1930, alipodhani mabaya yamepita, ulipoteza nusu. Hadi mwisho wa 1932, kwa kila dola 100 zilikuwa zimebaki kama 30. Kwa miaka kadhaa yeye na Newman hawakuchukua malipo, familia ikahama jumba la kifahari lililotazama bustani ya Central Park, na mkewe, Hazel, akarudi kufundisha dansi. Mfuko uliokolewa na baba mkwe wa Newman aliyeweka dola 50,000. Hasara zilifidiwa kikamilifu mwishoni mwa 1935.

Kutoka kwenye shimo hilo aliandika makala tatu katika jarida la Forbes mwaka 1932. Chini ya uongozi wake ulifanywa uchunguzi wa kampuni 600 za viwanda zilizokuwa katika soko la hisa la New York. Zaidi ya 200 zilikuwa zinauzwa kwa bei ndogo kuliko mali zao za haraka baada ya kuondoa madeni. Zaidi ya 50 ziliuzwa chini ya fedha taslimu na amana walizokuwa nazo.

Mojawapo ilikuwa White Motor ya Cleveland, watengenezaji wa malori. Mwishoni mwa 1931 soko liliithamini kampuni nzima kwa karibu dola milioni 4.8, wakati fedha na amana zake za serikali peke yake zilizidi dola milioni 8, mbali na malori yaliyokuwa yadi, vipuri na fedha ilizowadai wateja. Lakini hapa sababu haikuwa ileile ya Northern Pipe Line. White Motor ilikuwa inapata hasara ya kweli. Kila mwezi uliopita ulikula kipande cha fedha ile, na soko lilikuwa linahesabu kwamba hadi biashara itengemae fedha itakuwa imekwisha.

Graham aliona soko lina hoja, lakini akaona pia wanaopaswa kuulizwa wamenyamaza. Kama biashara inaua mali, wenye mali wana haki ya kuuliza kwa nini isifungwe wagawane kilichopo. Mwaka 1932 kampuni ya magari ya Studebaker ilikubali kuinunua White kwa malipo ya dola 5 taslimu, hati ya deni ya dola 25 na hisa moja ya Studebaker kwa kila hisa, mara kadhaa ya bei iliyokuwa sokoni. Mnunuzi aliona ghala ambalo soko lilikuwa limelipuuza. Mwaka uliofuata Studebaker yenyewe ikawekwa chini ya mfilisi, na walioshika hati ya deni wakajifunza kwamba dola 5 taslimu na dola 25 za ahadi si kitu kimoja.

Mwaka 1934 yeye na David Dodd, msaidizi aliyeandika maelezo ya masomo yake ya jioni Columbia, walitoa kitabu kinene cha uchambuzi wa hisa na hatifungani, ambacho bado kinachapishwa. Mwaka huohuo tamthilia aliyoiandika ilionyeshwa Broadway na kufungwa baada ya siku chache. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alisoma Kigiriki na Kilatini, akajifunza Kihispania ukubwani na kutafsiri riwaya ya Mario Benedetti wa Uruguay.

Kanuni yake ya kununua kampuni zilizodorora ilikuwa kali. Chukua mali za kugeuka fedha haraka, toa madeni yote, usihesabu majengo wala mitambo, kisha usilipe zaidi ya theluthi mbili ya kinachobaki. Na usinunue moja, nunua kama thelathini, kwa sababu baadhi zitakuwa zimestahili bei yake. Hii ya mwisho ndiyo ninayoiona ya kiungwana kuliko zote: alijua kuwa hata baada ya kusoma kila kabrasha, sababu nyingine za bei ya chini huonekana baada ya kununua.

Bwana Soko na masoko yetu

Katika kitabu chake cha 1949 kwa wawekezaji wa kawaida alimbuni mtu anayeitwa Bwana Soko. Ni mbia wako anayekuja kila siku mlangoni akitaja bei ya kununua sehemu yako au kukuuzia yake. Siku nyingine amefurahi na bei iko juu, siku nyingine amekata tamaa na anauza kwa chochote. Huna wajibu wa kumjibu. Kesho atarudi.

Katika masoko ya hisa ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, Bwana Soko ana tabia ya ziada: kwa kampuni ndogo huwa haji kabisa. Hisa inaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi, na bei unayoiona ubaoni ikawa ya biashara moja ndogo ya wiki iliyopita. Hata kampuni kubwa kama KCB, ambayo hisa zake zimeorodheshwa katika masoko yote manne, huuzwa kwa wingi nyumbani na kidogo sana kwingine. Kwa anayevuka mpaka kwa kazi, hili si geni. Bei ya mahali ambapo hakuna anayenunua si sawa na bei ya mahali penye foleni, na udororaji wa namna hii haukuambii chochote kuhusu afya ya kampuni. Unakuambia utapata shida siku ukitaka kutoka.

Hisa ya mwisho

Mwaka 1948 kampuni ya Graham na Newman ilinunua nusu ya GEICO, kampuni ndogo ya bima ya magari iliyouza bima kwa watumishi wa serikali moja kwa moja bila mawakala, kwa zaidi kidogo ya dola 700,000. Sheria iliwazuia kumiliki sehemu kubwa kiasi hicho ya kampuni ya bima, kwa hiyo wakawagawia wanahisa wao hisa hizo. Waliokaa nazo walitajirika. Faida yake ilizidi ya kazi nyingine zote za Graham zikiwekwa pamoja, na ilitokana na hisa ambayo kwa kanuni zake hakuwa na sababu ya kuishikilia miaka yote ile. Mwenyewe alikiri hivyo.

Alifunga kampuni mwaka 1956 na kuhamia California. Buffett, aliyekuwa mwanafunzi wake Columbia na kisha mwajiriwa wake kwa miaka miwili, akarudi kwao Nebraska.

Miaka ya 1970 GEICO ilianza kuandikia bima madereva wa hatari zaidi kwa ada isiyotosha, huku akiba ya kulipa madai ikiwa pungufu. Hisa iliyouzwa dola 61 mwaka 1972 ilishuka hadi karibu dola 2 mwaka 1976. Wasimamizi wa bima walikuwa wanajadili kuifunga. Graham, miaka 82, bado alikuwa na hisa zake. Safari hii hapakuwa na sanduku la hatifungani lililosahaulika. Mali ilikuwa imeliwa kweli. Kilichobaki ni njia ya biashara yenyewe, ya kuuza bima bila mawakala kwa gharama ndogo kuliko washindani, kitu ambacho hakionekani kwenye mizania.

Mwaka ule mkurugenzi mpya, Jack Byrne, alipandisha ada, akafunga ofisi na kutafuta mtaji. Buffett alikutana naye, na baada ya mazungumzo ya usiku mmoja akaanza kununua. Graham alifariki tarehe 21 Septemba 1976 huko Aix-en-Provence, Ufaransa, wakati bado haijulikani kama kampuni itapona. Ilipona. Mwaka 1996 kampuni ya Buffett, Berkshire Hathaway, ilikamilisha ununuzi wa hisa zote za GEICO ambazo haikuwa nazo.